Kalenda ya Chooni

Mwanamke niliyempata uzeeni nilikaribia kumpoteza kwa sababu ya ukurasa mmoja wa karatasi, na karatasi yenyewe ilitundikwa chooni.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe kumi na saba Aprili. Gonda alikuwa anatimiza miaka sitini na minne siku hiyo, na tulikuwa jikoni kwake, vikombe viwili vya kahawa na ramani ya kisiwa cha Terschelling katikati yetu. Kona moja ya ramani ameikandamiza kwa kopo la sukari, nyingine kwa kiwiko. Nywele hajachana. Amezibana juu kwa kibanio cha mbao cha kuanikia nguo, na kila akiinama kusoma jina la kijiji, unywele mmoja wa mvi unaponyoka na kumwangukia jichoni, naye anaupuliza. Nimezunguka kwingi na nimeona mengi ya kutazama. Ningeweza kukaa kutwa nikimtazama anavyoupuliza ule unywele.

"Tukishuka kwenye kivuko," akauliza, "tunageuka kushoto au kulia?"

"Kulia. Kambi za magari ziko kulia. Kushoto kuna mnara wa taa, halafu maji."

"Mimi nataka kushoto kwanza."

"Kufanya nini?"

"Kuugusa. Miaka arobaini na moja naiona taa yake kwenye dirisha la darini, inanikonyeza kama mhuni wa mtaani. Nataka niushike kwa mkono nione kama ni wa kweli."

"Anayekukonyeza miaka arobaini na moja na hujamjibu si mhuni, Gonda. Huyo ana subira."

"Kuliko wewe?"

"Mimi ndiyo kwanza nina miezi saba."

Akanitazama juu ya miwani. Macho yake ni ya kijivu, na yakikutulia unasahau mkono wako ulikuwa unaelekea wapi. Wangu ulikuwa unaelekea kwenye kahawa. Ukaishia juu ya vidole vyake, na havikusogea.

Ni saa mbili tu za majini kutoka bandari yetu ya Harlingen, na Gonda alikuwa hajawahi kuvuka. Marehemu mumewe, Lammert, alikuwa na ng'ombe sitini, na ng'ombe hawana likizo. Lammert alifariki mwezi wa Novemba, miaka miwili na nusu ilikuwa imepita, na ng'ombe wakauzwa. Mimi nilikuja Septemba kumwezekea upya paa lake la matete, kazi ya wiki sita. Wiki sita zikaisha. Desemba bado nilikuwa juu ya ngazi natafuta tete lililokaa vibaya. Nililala uani katika gari langu, yeye akalala nyumbani kwake, lakini sahani zetu zilikuwa zimeshaanza kukaa kabati moja.

Gari hilo zamani lilikuwa la mwoka mikate. Jua likilipiga ubavuni bado linanukia mkate. Nililitia kitanda, jiko dogo la gesi na tangi la maji, na nimeishi humo miaka kumi na tisa, kutoka paa hadi paa. Gonda alikuwa ameshalipima kwa utepe wake wa kushonea, maana watu wa kivuko wanataka kujua urefu: mita tano na sentimita arobaini. Walitushikia nafasi, kwenda tarehe tano Juni, kurudi tarehe kumi na tano. Lakini nafasi za magari Juni zinagombewa. Ilibidi tuthibitishe kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku ileile ya kuzaliwa kwake, la sivyo inakwenda kwa mwingine. Gonda alikuwa amechelewesha kusudi. Alitaka kwanza amwambie binti yake, Wietske, uso kwa uso.

"Atakubali?" nikauliza.

"Atauliza maswali. Mwalimu yule. Wewe jibu yote, hata usiyoyajua."

Basi nikaenda chooni, na huko ndiko nilikokosea.

Kwetu kila nyumba ina kalenda ya siku za kuzaliwa, na mahali pake ni chooni, mbele ya macho ya aliyekaa, ili mtu asiwe na kisingizio. Haina mwaka wala Jumatatu. Ina tarehe na majina tu, na inatumika miaka yote. Unaweza kusahau deni la jirani ukasamehewa, lakini ukisahau siku yake ya kuzaliwa utakumbushwa mpaka kaburini. Nikajiambia, hebu nitazame kati ya tano na kumi na tano Juni hakuna mtu wa familia, tusije tukala upepo kisiwani huku shangazi wa mtu anakata keki bila sisi.

Kalenda ilikuwa wazi kwenye Novemba. Nilipokuja Septemba ilisema Novemba. Novemba ilipofika ikawa sahihi. Baada ya hapo nikaacha kuiona. Mtu wa mapaa haangalii kuta. Nikafunua mpaka Juni. Tarehe tano mpaka kumi na tano, peupe, hakuna jina hata moja. Nikafurahi, nikatoka. Sikuirudisha.

*

Saa nane mchana viti vilikuwa vimepangwa duara sebuleni, vya nyumbani na vya kuazima, na majirani wamejaa. Kila anayeingia anazunguka duara lote akiwapa watu mkono mmoja mmoja, kwa maana kwetu hapongezwi mwenye siku yake peke yake, wanapongezwa wote walio wake.

Aaltje, dada wa marehemu Lammert, ni mama wa miaka sabini na mitatu, mwenye mgongo ulionyooka kama nguzo ya umeme. Akaanza mzunguko wake.

"Hongera kwa mama yako, Wietske. Hongera kwa jirani yako, Tjitske. Hongera kwa jirani yako, Foppe."

Kiti kilichofuata kilikuwa changu. Nikanyoosha mkono. Aaltje akaingiza wake kwenye mkoba, akatafuta leso, akaitafuta mpaka akawa amenipita. Alipokaa ndipo aliponigeukia.

"Fundi, paa linavuja tena?"

"Halivuji, mama."

"Basi kazi imekwisha."

Foppe akakohoa ndani ya kahawa yake. Gonda alikuwa anagawa keki, ile yetu ya sukari ya rangi ya waridi juu, kipande kimoja kwa mtu. Changu akanipa kikubwa kidogo kuliko vya wengine, na Wietske akaona. Ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, ana macho ya mama yake bila ule utulivu.

Gonda akaweka sahani chini, akakaa, akapangusa mikono kwenye magoti.

"Nina neno. Mimi na Douwe tunakwenda Terschelling mwezi wa Juni. Kwa gari lake. Siku kumi."

Vijiko vikatulia.

"Lile gari la mikate?" akauliza Aaltje.

"Ndilo, wifi."

"Lina vitanda vingapi?"

"Kimoja," akasema Gonda. "Tumekipima. Tunaenea."

Tjitske akacheka, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha karatasi. Wietske hakucheka.

"Mama, siku kumi? Baba hakulala nje ya nyumba hii hata siku mbili mfululizo."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa naye. Nami sikulala."

"Na ukiugua kule?"

"Kuna daktari kule. Na watu. Ni kisiwa, si mwezini."

"Na huyu akiamua kuendelea na safari zake akuache ufukweni?"

"Uliza mwenyewe. Yuko hapo, na masikio anayo."

Wietske akanigeukia, lakini aliyesema ni Aaltje. "Mtembezi hula miguu yake, fundi. Angalia usije ukala na ya mwenzio." Kisha akainuka, akaomba njia, akaenda chooni.

Nilimwona anaingia. Nilisikia komeo. Hata hapo akili yangu haikunishtua. Nilikuwa natafuta la kumjibu Wietske, la ukweli na lisilo refu. Sikulipata kabla mlango haujafunguka.

Aaltje alisimama kizingitini. Alikuwa hana tena ule unyoofu wa mgongo.

"Nani amegeuza kalenda?" akauliza.

Gonda akainuka polepole, akampita wifi yake, akaingia. Hakufunga mlango. Kutoka nilipokaa niliuona mgongo wake na kile kibanio cha mbao, alichosahau kukivua. Alikaa mle kitambo. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Inaonyesha Juni," akamwambia Wietske.

"Ni mimi," nikasema. "Asubuhi. Nilikuwa natafuta..."

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye kalenda yetu?" Wietske alikuwa ameshasimama. "Bwana Douwe, ile ilibaki hivyo tangu mwezi aliokufa baba. Hakuna aliyeigusa. Tunakuja, tunakaa mbele yake, tunaiona, tunatoka. Hata siku moja hatukuambizana tusiiguse. Wewe miezi saba tu, umeigeuza kama gazeti."

"Sikujua, binti yangu."

"Mimi si binti yako."

Nikamtazama Gonda. Alikuwa hanitazami. Alikuwa anaitazama keki.

"Douwe," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "ile safari usiithibitishe." Akaingia jikoni, akafunga mlango.

*

Mimi nikikaripiwa huwa naondoka. Shule nilizosoma ni vipande vipande, lakini somo hilo nililimaliza lote. Nikaenda uani kwenye gari langu, nikafunga bomba la gesi, nikafunga dirisha la juu, nikakunja kiti cha nje. Mikono inajua kazi hiyo yenyewe. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Jua lilikuwa ubavuni na gari lote linanukia mkate.

Nilipoinua kabari za magurudumu nikaona viatu vya Wietske.

"Ndiyo hivyo?" akasema. "Nilisema utaondoka, lakini sikudhani ni leo."

"Mama yako amesema tusiende."

"Amesema msiende kisiwani. Hajasema uende."

Nikabaki na kabari mkononi. Yeye akachungulia ndani: kitanda, na juu ya kitanda mto mpya ambao Gonda aliushonea foronya ya maua ya buluu. Mezani kulikuwa na orodha kwa mwandiko wa mama yake. *Chumvi. Soksi za sufu. Darubini. Dawa ya kichefuchefu ya D.*

"Dawa ya kichefuchefu ni ya nani?"

"Yangu. Kwenye meli natapika."

"Umezunguka dunia na meli inakutapisha?"

"Nimezunguka kwa barabara."

Mdomo wake ukataka kwenda upande. Akauzuia.

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye kalenda? Sema kweli."

"Nilitaka kuhakikisha hatukosi siku ya mtu. Tano mpaka kumi na tano. Sikutaka mama yako apigiwe simu ya lawama akiwa ufukweni."

Lilikuwa jambo ambalo yeye mwenyewe angelifanya, na alijua hivyo.

"Na hakuna mtu?" akauliza.

"Hakuna."

"Na wewe je? Siku yako lini? Mama anasema humwambii. Anasema unamjibu eti wewe ni kama farasi, wote mnahesabiwa umri Januari mosi."

Nikaweka kabari chini. "Tarehe kumi na moja Juni."

"Katikati ya safari."

"Ilitokea tu."

"Kwa nini humwambii?"

"Mtu akijua siku yako, Wietske, unaanza kungoja akumbuke. Nina miaka sitini na minane, nimelala kwenye nyua nyingi, nimetumia vyoo vya watu wengi. Nimesoma majina ya shangazi wote wa nchi hii. Langu sijawahi kulikuta ukutani. Unazoea. Ila asubuhi ya leo niliiona kumi na moja pale, peupe, nikasahau kila kitu. Hata kurudisha ukurasa nikasahau. Hiyo ndiyo kweli, na haifuti kosa."

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Gonda alikuwa amekuja, amevaa aproni, mikono imelowa, na sikujua alianza kusikia wapi.

"Mama, pole," akasema Wietske. "Nitairudisha mwenyewe Novemba."

"Usiirudishe."

"Mama?"

"Nyote mnadhani nimekasirika kwa sababu imegeuzwa." Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama asiyetaka kumaliza. "Aliigeuza asubuhi. Tangu asubuhi mimi nimeingia mle mara tatu. Mara tatu, Wietske. Nimekaa mbele yake. Miaka miwili na nusu nimeitazama ile Novemba mpaka nikajua kila doa la karatasi. Leo ilikuwa Juni na sikuona. Nilikuwa nawaza soksi za sufu. Nilikuwa nawaza mnara." Akaufuta tena mkono uleule. "Nikasema, huyu ni mke gani? Nimemsahau Lammert siku nzima nikiwa nakata keki nyumbani kwake."

Nilitaka kumsogelea. Nikaona si zamu yangu. Wietske ndiye aliyekwenda, akamshika mabega.

"Mama, hukumsahau. Ulikuwa unafurahi."

"Ndiyo hilo."

"Basi na iwe hilo." Wietske alikuwa analia waziwazi, bila aibu. "Unajua ukuta wa nyumba yako ulikosa nini? Jina lako mwenyewe. Aprili haijafunguliwa tangu baba afe. Hakuna anayeliona. Mwaka jana nilikupigia simu saa nne ya usiku, unakumbuka? Nilikuwa nimesahau. Mwanao wa pekee."

"Nilisema sikujali."

"Ulidanganya."

"Nilidanganya sana," akasema Gonda, na wote wawili wakacheka kicheko kile cha watu wenye pua zilizojaa.

Kisha akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu keki. Aliziona kabari chini, dirisha la juu lililofungwa, kiti kilichokunjwa.

"Ulikuwa unakwenda wapi, wewe mzee?"

"Sijui. Mbele."

"Mbele kuna nini?"

"Kwa kawaida, paa."

"Sikiliza. Mimi nikikasirika nafunga mlango wa jikoni. Sifungi kwa komeo. Ukiona umefungwa, unabisha. Huwashi gari. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

"Rudisha kiti mahali pake."

Nikakirudisha. Nimepokea maneno mengi ya mapenzi maishani, mengine kwa lugha nisizozijua, lakini hakuna lililonifika kama hilo la kiti.

"Saa ngapi?" akauliza Gonda.

Wietske akatazama saa ya mkononi. "Kumi na mbili kasoro dakika ishirini na tano. Mama, simu yako iko wapi?"

"Kwa nini?"

"Mtapoteza nafasi. Haya, urefu wa gari ni ngapi?"

"Mita tano na arobaini," tukajibu wawili kwa pamoja.

*

Wageni waliondoka chakula cha jioni kilipokaribia, kama ilivyo adabu kwetu. Aaltje alikuwa wa mwisho. Gonda alimvuta pembeni ukumbini, wakasemezana, na nilichosikia ni mwisho tu.

"Ukifika kule," alisema Aaltje, "niletee jemu ya yale matunda yao mekundu machungu. Lammert aliipenda."

"Nitakuletea, wifi."

Akafika kwangu mlangoni. Safari hii mkoba ulikuwa umefungwa. Akanipa mkono, mkavu na mfupi.

"Hongera, fundi," akasema, akaenda zake. Hakusema kwa nani.

Wietske alivaa koti, akalivua tena, akaingia chooni, akakaa humo zaidi ya haja. Alipotoka alimbusu mama yake mashavuni mara tatu, akaniinamishia kichwa, akasema, "Haya, Douwe." Lile "Bwana" alikuwa ameliacha mahali fulani. Tukalisikia gari lake likishika barabara ya tuta la kuzuia bahari.

Gonda akaanza kuosha vyombo. Mimi nikafuta. Ramani ilikuwa imerudi mezani, na safari imethibitishwa, namba yake ameiandika kwa wino kwenye kona ya bahari.

"Nenda chooni," akasema bila kugeuka.

"Sina haja."

"Douwe, nenda chooni."

Nikaenda. Kalenda ilikuwa wazi kwenye Aprili, na kwenye kumi na saba kulikuwa na *Gonda*, kwa mwandiko mnene wa mwanamume aliyezoea kuandika namba za vitambulisho vya masikioni mwa ng'ombe. Nikasimama mbele yake kidogo nikamshukuru Lammert, kwa sababu ilinipasa. Kisha nikafunua Mei, nikafunua Juni.

Kwenye kumi na moja kulikuwa na *Douwe*. Herufi ndogo za kimwalimu, zilizonyooka. Kalamu ya wino ilikuwa inaning'inia palepale kwa uzi, lakini yeye alikwenda kutafuta penseli.

Nikairudisha Aprili, kwa uangalifu sana, nikarudi jikoni.

"Ameniandika kwa penseli," nikasema.

"Nimeona." Gonda akanipa sahani nyingine ya kufuta. "Mama yangu naye alimwandika Lammert kwa penseli mwaka mzima. Alikuwa anaogopa hatadumu."

Unywele ulikuwa umemwangukia jichoni tena na mikono yake ilikuwa ndani ya povu. Nikaupuliza mimi. Akafumba macho, akabaki hivyo, uso ameuelekeza kwangu, povu linamtiririka kwenye viwiko.

"Sasa niambie," akasema. "Tukishuka kwenye kivuko, tunageuka kushoto au kulia?"

"Kushoto," nikamwambia. "Kushoto kwanza."